Pine iliyokwisha: safari ya mpira mpaka barabara ya Mutarule

Mutarule, uwanda wa Ruzizi. Naongea na ninyi mnaotusikiliza, na ninyi ndugu zetu mnaotusoma kwenye simu huko mlikokimbilia. Leo sikuleti habari ya mkutano wala ya bei ya mihogo. Nataka tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu amekikalia juu bila kukitazama: pine ya moto.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja wa masika, mama jirani alinigongea mlango akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anachoma kama jiko, amekwisha kulegea shingo. Nilitoa moto, mama akapanda nyuma, tukashika njia ya Sange tutafute hospitali. Pine yangu ya nyuma ilikuwa imekwisha. Nilijua. Tangu miezi miwili nilikuwa naiona inang'aa kama kichwa cha mzee, na kila mwisho wa mwezi nilisema nitaibadilisha mwezi ujao, kwa sababu pesa ya shule ilikuwa mbele. Kabla ya nusu ya njia ikapasuka. Moto ilienda huku na huku, tukaanguka kwenye tope. Namshukuru Mungu hatukuumia sana. Lakini tulibaki gizani zaidi ya saa moja, mama anamwimbia mtoto ili asifunge macho, mimi nasukuma chuma, mpaka motari mmoja asiyetujua akapita na kuwachukua.

Mtoto alipona. Kesho yake nilipeleka moto kwa mzee anayeziba pine chini ya mwembe. Aliingiza mkono ndani ya ule mpasuko, akanitazama, akasema: «Mwanangu, pine hii haikupasuka jana. Ilipasuka siku ile uliyoiona ukapita.»

Maneno hayo hayakuniacha. Nikaanza kuuliza na kusoma: pine imetoka wapi? Nani aliyeitengeneza wa kwanza? Nikakuta kwamba historia yake na historia ya nchi yetu zimefungwa pamoja, na kwamba watu wa kwanza kukimbia vijiji vyao kwa sababu ya pine hawakukimbia juu yake.

Daktari wa wanyama na baiskeli ya mtoto

Mpira wa asili ni maziwa ya mti. Zamani ulikuwa na taabu: kwenye joto unayeyuka na kunata, kwenye baridi unakauka na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na kiberiti, yaani salfa, unakuwa mgumu na bado unavutika. Bila kazi hiyo hakuna pine duniani.

Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Uskoti aliandikisha wazo la gurudumu lenye hewa ndani. Lakini wakati huo baiskeli zilikuwa hazijaenea na gari la mafuta halijazaliwa, kwa hiyo wazo lake lilisahauliwa. Miaka ya 1887 na 1888, mjini Belfast, daktari wa wanyama John Boyd Dunlop alitaka baiskeli ndogo ya mtoto wake isimtikise sana kwenye mawe. Akazungushia magurudumu mpira uliojaa hewa. Mtoto akafurahi, na wakimbiza baiskeli wakaanza kushinda mashindano.

Pine hizo za kwanza zilikuwa na shida ambayo motari yeyote wa Luberizi ataielewa: zilikuwa zimebandikwa kwa gundi kwenye ringi. Mwaka 1889 mtu mmoja alipeleka baiskeli yenye pine iliyotoboka kwenye kiwanda cha ndugu Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuing'oa na kuiziba kulichukua masaa zaidi ya matatu, halafu gundi ikaachwa ikauke usiku mzima. Édouard Michelin akajiuliza: kwa nini pine isitoke na kurudi kwa dakika chache? Mwaka 1891 kampuni yake ilitoa pine inayong'olewa, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nayo mbio za baiskeli za Paris–Brest–Paris. Hapo ndipo ilianza kazi ya mzee wetu wa chini ya mwembe. Kila anapoingiza vile vyuma viwili na kuinua ukingo wa pine, anafanya kazi iliyozaliwa siku zile.

Mpira wa damu

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ulaya na Marekani zilipopenda baiskeli, na baadaye gari, zilihitaji mpira mwingi na kwa haraka. Ulikuwa wapi? Mwingi ulikuwa Brazili, na mwingine ulikuwa kwetu, kwenye kamba za porini zinazopanda miti mikubwa ya Kongo.

Nchi yetu tangu mwaka 1885 iliitwa Dola Huru la Kongo, lakini uhuru haukuwa wetu. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Kampuni kama ABIR, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilipewa pori kubwa upande wa Equateur, na kila kijiji kikapangiwa kiasi cha mpira. Wanaume waliingia porini siku nyingi, wakikata kamba na kukusanya maziwa yake. Wengi waliyapaka kwenye ngozi yao yakauke, halafu wakayabandua pamoja na nywele za mwili. Wasipofikisha kilo zilizotakiwa, wake zao walifungwa kama rehani, vijiji vilichomwa, watu walipigwa kiboko kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Askari wa Force Publique walitakiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa.

Mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja anayeitwa Nsala. Amekaa chini, anatazama mkono mdogo na mguu mdogo. Ni vya binti yake. Picha hiyo ilizunguka dunia. Kwenye bandari, karani Edmund Dene Morel aliona kwamba meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinarudi zimebeba bunduki na risasi. Akaelewa kwamba hiyo haikuwa biashara.

Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903. Karibu na Bolobo alikutana na watu waliokuwa wamekimbia kutoka upande wa ziwa ambalo leo linaitwa Mai-Ndombe. Walimwambia kwamba walikimbia mpira. Waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi, wakaenda kuomba nafasi kwa watu wengine. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Makelele yalikuwa mengi, na tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Nilisimama hapo kwenye kusoma, kwa sababu nilifikiri juu yenu. Mnajua maana ya kufika kwenye kijiji cha mwingine usiku na kueleza ulichokikimbia. Hao nao walikuwa wahami wa vita, hata kama vita vyao viliitwa kazi.

Mbegu zilizosafiri, na siku 120

Kilichopunguza njaa ya mpira wa porini si huruma peke yake. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili mbegu karibu 70.000 za mti wa hevea. Zilipandwa kwanza London, kwenye bustani ya Kew, halafu miche ikapelekwa Asia. Baada ya miaka kama thelathini mashamba ya Malaya na Indonesia yalitoa mpira mwingi na wa bei ndogo, na kamba zetu za porini zikapoteza soko. Ni wakati huohuo, miaka ya 1910, viwanda vilianza kuchanganya mpira na masizi. Kabla ya hapo pine zilikuwa nyeupe-nyeupe. Masizi ndiyo yanayoifanya iwe nyeusi na ivumilie barabara kwa muda mrefu zaidi.

Lakini mpira ulirudi kutafuta Wakongo. Mwaka 1942, katika vita vya pili vya dunia, Japani iliteka Malaya na Indonesia. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalikosa mpira wa pine. Serkali ya kikoloni ikaongeza siku za kazi ya lazima kwa mwaka kutoka 60 hadi 120, na watu wakarudishwa tena porini kukata kamba. Wazee wetu waliosema «wakati wa vita vya Wajerumani tulifanya kazi za bure» hawakuwa wanatunga.

Reli yetu iliyoshindwa na pine

Hapa kwetu kwenye uwanda, kuna kizazi kizima kisichojua kwamba treni ilipita hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wabelgiji walimaliza reli kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, hadi Kamanyola, chini ya milima. Mzigo ulitoka kwenye meli za Ziwa Tanganyika, ukapanda treni mpaka Kamanyola, na kutoka hapo magari yakaupandisha kuelekea Bukavu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 reli hiyo ilifungwa na kung'olewa. Lori lilikuwa limeshinda. Tangu siku hiyo kila mfuko wa sukari, kila fuko la samaki wakavu, kila mgonjwa na kila jeneza kwenye uwanda huu vinategemea pine.

Barabara namba 5 ndiyo inayotulisha, na ndiyo inayotuliza. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010 gari la mafuta lilipinduka Sange na kuwaka moto, watu zaidi ya 200 wakafa. Mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira na kubeba nyumba na njia. Na sisi wa Mutarule tuna usiku wetu, wa tarehe 6 mwezi wa sita mwaka 2014, ambapo watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye maombi. Siuandiki ili kufungua kidonda. Nauandika kwa sababu usiku kama huo, jambo la kwanza watu wanalouliza ni: nani ana moto?

Kutoka vespa mpaka moto za leo

Magurudumu mawili ya mota yalifika kwetu kwa hatua. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia, ambayo kiwanda chake kilikuwa kinatengeneza ndege na kilivunjwa na mabomu, ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Vespa. Magurudumu yake yalikuwa madogo, ya inchi 8, na ringi yake ilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa bulo. Ukifungua bulo, ringi inaachana na pine inatoka bila vita. Wazee wa Uvira bado wanasimulia vespa za makarani na za walimu, zilizopita zikisafishwa kama sahani.

Ndugu zetu wa Goma na Butembo walitengeneza ya kwao bila mota: chukudu, ile ya mbao inayosukumwa kwa mguu, ambayo inabeba mifuko ya viazi na makaa. Magurudumu yake ni mbao, lakini yamevalishwa vipande vya pine ya zamani ya gari. Pine iliyokwisha kwa lori inaanza maisha mapya kwenye chukudu. Mjini Goma waliisimamishia sanamu.

Upande wa mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia, tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu kwa baiskeli, na ndiko jina bodaboda lilikotoka. Kwetu moto ziliongezeka baada ya vita vilivyoanza mwaka 1996, vile vilivyopita Lemera na Uvira kabla ya kufika Kinshasa. Mabasi yaliibiwa, barabara zikaharibika, mashamba yakaachwa, na kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama. Vijana waliobaki bila kazi walipata moto za kutoka India na China, na wengi wakawa motari. Leo moto ndiyo teksi, ndiyo gari la mizigo, ndiyo gari la wagonjwa.

Wala pine haifi haraka. Ikikwisha barabarani inakatwa kandambili. Mpira wa ndani unakatwa kamba za kufungia magunia. Watoto wanaisukuma kwa fimbo jioni. Na siku ya hasira, tunajua, inawashwa katikati ya barabara ili viongozi waone moshi. Mimi nasema polepole: moshi huo ni sumu kwa watoto wa nyumba zilizo karibu, na sijaona bado shimo la barabara lililozibwa na moshi.

Mambo aliyonifundisha mzee wa mwembe

Historia isiyosaidia kesho ni hadithi ya jioni tu. Kwa hiyo nawaandikia alichonionyesha.

Kwanza, kujua kama pine imekwisha. Katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo, na ubavuni kuna herufi TWI zinazoonyesha vilipo. Meno ya pine yakishuka mpaka usawa wa vinundu hivyo, pine imekwisha hata kama bado inashika hewa. Mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya pine. Ikipotea, kwenye tope la masika unateleza kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu yenye sabuni.

Pili, kusoma namba. Ukiona 2.75-17, maana yake upana ni inchi 2.75 na ringi ni ya inchi 17. Usikubali kuuziwa isiyolingana na ringi yako. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine iliyokaa miaka mingi juani dukani inapasuka-pasuka ubavuni, hata kama haijawahi kugusa barabara.

Tatu, namna ya kubadilisha. Toa hewa yote, ng'oa ukingo kwa vyuma viwili, polepole, usiutoboe mpira wa ndani. Kabla ya kuweka pine mpya, tazama utepe unaofunika vichwa vya njiti za ringi. Ukiwa umechakaa, njiti zitatoboa mpira mpya. Angalia mshale ubavuni, pine izunguke upande unaoonyeshwa. Weka hewa kidogo kwenye mpira wa ndani kabla ya kuuingiza ili usibanwe, paka ukingo maji ya sabuni, hakikisha kipuo cha hewa kimesimama wima. Ikiwa unaziba tu, pitisha vidole ndani ya pine kwa uangalifu: msumari uliotoboa mara nyingi bado umo.

Nne, hewa. Pine isiyo na hewa ya kutosha inajikunja, inapata joto na kuliwa pembeni. Yenye hewa nyingi kupita kiasi inaliwa katikati. Ya nyuma ndiyo inayobeba mzigo na kusukuma, kwa hiyo inakwisha kwanza. Sisi tunaopakia watu watatu na gunia tunaila mara mbili.

Najua jibu lenu: pesa. Pine mpya ni mapato ya siku nyingi za motari, na wengi wanafanya kazi kwa moto ya tajiri, ambaye anadai pesa yake kila jioni, mvua ama jua. Hapo nasema na wenye moto pia. Ukimpa kijana moto yenye pine iliyokwisha, umemkabidhi na abiria wake. Vikundi vya motari tayari vinachanga kwa msiba wa mwenzao. Kuchanga kidogo kila juma kwa ajili ya pine kutafanya misiba ipungue.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025, vita viliposhuka kutoka Kamanyola na kufika Uvira, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Wengi walienda kwa miguu. Waliobahatika walipanda moto, bibi mbele, watoto katikati, godoro juu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Wakongo walikimbia kwa sababu wengine walitaka pine. Sasa tunakimbilia juu yake. Sijui kama hiyo ni haki. Najua tu kwamba mpira huo ulilipiwa na babu zetu kabla hatujaununua dukani, na kwamba hatuna ruhusa ya kuuchezea.

Yule mama jirani yangu naye alivuka Ruzizi na mtoto wake. Juzi alinitumia sauti kwenye simu. Alisema mtoto amekuwa mkubwa, anakimbia, na kwamba maharagwe huko ni ya kuhesabu. Halafu akacheka kidogo na kuniuliza: «Mwandishi, ile pine uliibadilisha?»

Nilimjibu ndiyo, mama. Niliibadilisha zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Siku njia ikifunguka na ukisema unarudi, nitakuja kukupokea mpakani.